Kitambaa Ndio Kinaamrisha

(Hii ni hotuba nilotoa hapa Mjini mbele ya vijana wetu wa grafiki, mafundi wa kuchapa fulana na wafanyabiashara wa kanga. Naiweka yote kwa ajili ya walokosa, khasa wenzetu wa Pemba. Slaidi nimeziacha.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zetu na dada zetu wa Darajani mlofunga maduka mapema mkaja kukaa na sie, ahsanteni sana, na nyie vijana mlojipanga kule nyuma na laptopu zenu mapajani sogeeni mbele jamani, viti vipo.

Nimeambiwa nizungumzie displesimenti mepu, yaani ramani ya kusogeza picha. Jina zito, lakini kitu chenyewe kila mmoja hapa keshakiona. Ukiona picha ya fulana Instagram, nembo imekaa kifuani, fulana imejikunja na nembo nayo imejikunja, mstari ukifika kwenye mkunjo unaingia ndani unatoka, ujue hapo pana ramani imetumika. Na ukiona fulana imejikunja lakini nembo imenyooka tii kama stika ya kioo cha dala dala, ujue hapana ramani, na ujue mteja keshapita zake.

Nna jambo moja tu la kusema leo na ntalirejea mpaka mnichoke. Kazi iko kwenye ramani, haiko kwenye filta. Filta ni ile amri ya programu inayobadilisha picha, ni kubonyeza tu, mtoto wa skuli atabonyeza. Ramani ndio inataka macho, inataka subira, inataka mtu anaekijua kitambaa.

Sasa hii ramani ni nini hasa? Ni picha ya pili, ya kijivu. Programu unaipa picha mbili, moja ile unayotaka kuipinda, nyengine ile inayoamrisha ipinde vipi. Programu inaisoma ramani pikseli kwa pikseli, yaani chembe moja moja ya picha, na kila pikseli ina namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa mpaka 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Pale kati, 128, kijivu cha katikati, hakuna kinachosogea. Ukizidi kwenda kwenye weusi picha yako inasukumwa upande mmoja, ukizidi kwenda kwenye weupe inasukumwa upande wa pili, na kadiri unavyokuwa mbali na ile 128 ndio inasukumwa zaidi. Basi, hakuna jengine ndani. Haijui kama hii ni kanga, haijui kama ule ni ukuta, haijui bega wala goti wala tanga. Inajua mwanga tu. Nasema tena, ramani haijui mkunjo, inajua mwanga tu! Mkilishika hilo mmeshika nusu ya hotuba.

Na msidhani fikra hii imezuka jana. Mwaka 1978 kule Marekani James Blinn alionesha kwamba kompyuta inaweza kuchora uso wa kitu wenye makunyanzi kwa kuchezea mwanga peke yake, uso wenyewe uko bapa vile vile, ukiutizama ukingoni unauona umenyooka. Mwaka 1984 Robert Cook, aliekuwa Lucasfilm, akaeleza njia ya kuusogeza uso wenyewe, sio mwanga tu. Hizo zilikuwa kazi za picha za pande tatu. Photoshop, ile programu ya kutengeneza picha, ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitoka 1990, na sie wa picha bapa tukaja kupata filta ya namna hiyo, ila kwetu kitu kinasogea kushoto na kulia na juu na chini, hakiji mbele wala hakirudi nyuma. Kwa nini nakwambieni habari za wazee hawa? Kwa sababu swali lao ndio swali lenu kila mnapokaa na kazi ya mteja. Hapa nabadilisha mwanga, au nabadilisha umbo? Kwa kanga jawabu ni vyote viwili, na mtu akifanya kimoja akaacha chengine, jicho linamkamata.

Na macho ya hapa kwetu si ya kuchezea. Kuna bi mkubwa mmoja ana duka la kanga, jina lake nalihifadhi. Kijana wetu mmoja akampelekea picha ya kanga mpya kabla haijaenda kuchapwa, ili awaoneshe wateja wake waweke oda. Picha imependeza, msichana kajifunga, kasimama barazani, rangi zinawaka. Bi mkubwa kaishika simu, kaivuta picha kwa vidole viwili, kasogea nayo mlangoni penye mwanga, akasema, "Mwanangu, kanga hii hajaivaa mtu." Kijana kashangaa, vipi tena bibi, si huyo hapo kavaa? Akamwambia, "Jina limenyooka. Hapa kiunoni pana mkunjo, herufi zimepita juu yake hazina habari. Na huyu mtoto katanguliza goti, pindo la chini lilikuwa livunjike hapa, wewe umelipiga moja kwa moja."

Mnamsikia? Bi mkubwa yule hajapata kufungua Photoshop maisha yake. Lakini anaijua kanga inavyoanguka mwilini, anajua ikibanwa kiunoni inatoa mikunjo gani na ikishuka gotini inatoa mikunjo gani. Na mie nnasema kanga ndio nguo ngumu kuliko zote kuifanyia kazi hii, kwa sababu ina pindo pande zote nne, mistari mirefu iliyonyooka, na ina jina ambalo mtu analisoma. Maua ya mji yakikosea kupinda kidogo nani atajua? Hakuna. Mstari wa pindo ukikosea, bibi yako atajua, jirani yako atajua, mtoto anaepita njia atajua.

Basi kijana karudi nyumbani, kasoma, kajua kuna kitu kinaitwa displesimenti mepu, na bidii anayo alhamdulillah. Akachukua ile ile picha ya msichana kabla hajaibandika kanga mpya, akaigeuza kijivu, akaifanya ramani. Unajua kilichotokea? Ikaharibika zaidi ya mwanzo. Kwa sababu msichana siku ya kupigwa picha alikuwa kavaa kanga yake ya zamani, ya korosho kubwa kubwa nyeusi juu ya nyeupe. Na ramani inajua nini? Inajua mwanga tu. Zile korosho nyeusi zote zikasomwa kuwa mabonde, na weupe baina yake ukasomwa kuwa vilima, kanga mpya ikatoka imebonyea kila mahali kwa umbo la korosho, herufi zimetawanyika, na mkunjo wa kiunoni ambao ndio ulotakiwa haukuonekana kabisa umezama ndani ya zile korosho. Programu haikukosea. Ilifanya ilivyoambiwa.

Kwa hiyo mkitaka ramani safi, anzeni kwenye kamera sio kwenye kompyuta. Mvalisheni mtu kitambaa kitupu, cheupe au kijivu hafifu, kisicho na ua wala mstari. Kipande cha marekani laini kinafaa, shuka jeupe la pamba linafaa, mradi uzito wake ukaribiane na kanga, maana satini inajikunja kwa namna yake na jinzi kwa namna yake, ukichukua mikunjo ya satini ukaipa kanga bi mkubwa yule atakwambia tena hajaivaa mtu. Mfungeni vile vile kanga inavyofungwa, mikono ile ile, fundo lile lile.

Na mpigeni picha saa ngapi? Hili watu hawalitii maanani, na mie naliona kubwa kuliko programu yenyewe. Saa sita mchana jua la kwetu liko utosini, linamwagika pande zote na kuta nyeupe zinalirudisha, mikunjo yote inakufa, unapata kitambaa cheupe tupu. Saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni jua linakuja kwa ubavu, kila mkunjo unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na hicho ndio chakula cha ramani. Kama ni ndani ya nyumba, dirisha moja, mengine fungeni. Na angalieni vivuli vya wageni! Kivuli cha jani la mnazi kikidondoka juu ya kitambaa, kwenye ramani kinakuwa mkunjo. Kivuli cha mkono wa mpiga picha kinakuwa mkunjo. Doa la chai ni mkunjo. Nyie mtajua ni doa, ramani haitojua.

Haya, tuingie kwenye kompyuta. Fundi mmoja wa fulana wa Chake Chake aliletewa picha na mteja kwa WhatsApp, fulana nyeupe nzuri, mwanga wa ubavu, kila kitu sawa. Akatengeneza ramani, akabonyeza filta, na maandishi yakatoka yana meno meno, kila ukingo wa herufi umechanika chanika. Akadhani programu ina kasoro, akaifuta akaiweka upya. Tatizo halikuwa programu. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na JPEG, ile aina ya faili la picha, inabana kwa kukata picha vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8, ikibanwa sana vile vipande vinaacha kingo zake. Macho yako hayavioni. Ramani inaviona vyote. Na ongeza nyuzi za kitambaa, ongeza chenga chenga za kamera ya simu usiku, kila chenga ina mwanga wake na kila mwanga unasukuma herufi.

Kwa hiyo mwambieni mteja atume picha kama dokumenti, sio kama picha. Khalafu fanyeni hivi. Ingieni kwenye chaneli, zile sehemu tatu za rangi zinazounda picha, tizameni nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake, ile ambayo mikunjo imejitokeza vizuri zaidi ndio muinakili iwe faili jipya. Itieni blaa ya Gaussian, ile filta ya kulainisha picha. Kiasi gani? Watu wananiuliza namba na mie namba siwapi, kwa sababu inategemea ukubwa wa picha. Nnakwambieni kipimo cha macho, ongeza blaa polepole mpaka nyuzi za kitambaa zipotee na mkunjo ubaki, hapo hapo simama. Ukizidisha mkunjo mdogo unafutika na kanga inakuwa imevimba vimba laini isio na tabia ya kitambaa.

Sasa kuna jambo ambalo halizungumzwi sana na linawatesa wengi. Kitambaa chako ni cheupe si ndio? Basi karibu kila pikseli ya ramani iko juu ya 128. Ina maana hata pale ambapo kitambaa kimetulia, hakina mkunjo wowote, picha yako inasukumwa, nzima nzima, upande mmoja. Ndio maana mtu anabonyeza filta anaona nembo imehama kutoka kifuani, anairudisha kwa mkono, ikirudi mikunjo haikutani tena na mikunjo ya nguo, anakata tamaa. Dawa yake rahisi. Kabla hujaihifadhi ramani fungua Levo, kidirisha cha kupandisha na kushusha weusi na weupe, ishushe mpaka ile sehemu ya kitambaa ilotulia isome karibu na 128. Iguse kwa kile kitone cha kupimia rangi, isome namba, usikisie. Hapo kilotulia kitatulia na kilojikunja ndio kitasogea.

Ukimaliza flateni, yaani unganisheni tabaka zote ziwe moja, hifadhi iwe PSD, faili la Photoshop lenyewe. Photoshop kwenye filta hii inataka ramani iwe faili la PSD pembeni, JPEG haiichukui. Na ukishabonyeza, ukaja baadae ukairekebisha ramani, usitegemee picha ibadilike yenyewe, urudie filta. Geuzeni ile kazi yenu iwe smati objekti, tabaka linalohifadhi asili yake, kabla ya filta, mtaweza kurudi kubadilisha namba bila kuanza upya.

Namba zenyewe sasa. Ukienda Filta, Distoti, Displesi, unakuta skeli mbili, ya ulalo na ya wima, na zote mbili zinakuja na kumi. Kumi ya nini? Skeli ya mia ina maana pikseli inaweza kusogea 128 kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo kumi ni kama pikseli 13. Kwenye picha ya pikseli 1000 upana, 13 ni zaidi kidogo ya sehemu moja katika mia, jicho linaona. Kwenye picha ya pikseli 6000 ile ile 13 ni sehemu moja katika mia nne na ushei, hakuna atakaeiona. Kwa hiyo mtu akikwambieni weka kumi, muulizeni, kumi kwenye picha ya ukubwa gani? Akikosa jawabu msimfuate.

Ramani ya kijivu ina chaneli moja, kwa hiyo ulalo na wima vinakwenda pamoja, picha inasogea kwa mshazari kwa uwiano wa zile skeli mbili ulizoandika. Ramani ya rangi inagawana kazi, chaneli nyekundu inaamrisha ulalo na kijani inaamrisha wima. Kwa nguo kijivu kinatosha. Mkifanya maji au kioo cha madirisha ya zamani ndio ile ya rangi inaonesha nguvu yake, leo tuiache.

Chini ya skeli kuna machaguo. Ukichagua ramani itandazwe iene, basi ikiwa ndogo itavutwa mpaka itoshe, lakini bora mfanye ramani na kazi zenu ziwe ukubwa mmoja tangu mwanzo. La pembeni yake ni la ukingo. Ukichagua kuzungusha, kinachotoka kulia kinaingia kushoto. Kwa kanga hii ni balaa, pindo la upande huu linachomoza upande ule. Chagueni la kurudia pikseli za ukingo.

Na nyie vijana ambao Photoshop hamuwezi kuilipia, na msione haya kwa hilo, GIMP ni ya bure na inayo filta hii hii kwenye menyu ya Filta, upande wa Mepu. Kule ramani huhitaji kuihifadhi pembeni, unaionesha leya tu, yaani tabaka la picha, na ulalo unaweza kuupa ramani yake na wima yake. Kazi za maana zimefanywa hapa kisiwani kwa GIMP, sikubali mtu aseme hana vifaa.

Hadithi nyengine. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini walitaka nembo yao ionekane kwenye tanga la ngalawa, kwa picha, kabla hawajalipa fundi wa kulichora kweli. Mbunifu akapiga ngalawa ikiwa baharini, tanga limejaa upepo, limetoa tumbo kubwa. Akatengeneza ramani vizuri, kalainisha vizuri, kaweka kumi, nembo haijapinda. Kaweka hamsini, bado. Kaweka mia mbili, nembo ikapasuka katikati. Kwa nini? Skizeni hapa. Tumbo la tanga ni umbo kubwa, mwanga wake unabadilika polepole kutoka upande mmoja mpaka mwengine, na vivuli vyake havifuati umbo lake sawasawa kwa sababu jua linapenya nguo. Ramani inajua mwanga tu! Umbo kubwa lile halimo kwenye mwanga. Unalilazimisha litoke mahali lisipokuwepo.

Umbo kubwa linapindwa kwa mkono. Chukua Wapu, zana ya kupinda picha kwa mkono, ivute nembo ifuate tumbo la tanga, pembe kwa pembe, ukiwa unatizama mistari ya mishono, maana tanga limeshonwa kwa vipande virefu vya kitambaa na ule mshono unakuonesha kabisa tumbo limekwenda wapi. Ukishamaliza kwa mkono ndio unaleta ramani, namba ndogo, kwa ajili ya vile vijikunjo vya pembeni mwa mshono na pale kamba inapovuta. Mkono kwanza, ramani baadae. Na ukuta vile vile. Ukitaka kuweka bango kwenye ukuta wa Mji Mkongwe, ule wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwanza ulaze bango lifuate mwelekeo wa uchochoro kwa mkono, khalafu ramani kwa ajili ya chokaa ilobanduka. Na ule unyevu mweusi chini ya ukuta ufuteni kwenye ramani, sio shimo lile.

Nilisema mwanzo, mwanga na umbo, vyote viwili. Displesi imewapeni umbo. Mwanga bado. Nembo imepinda lakini imewaka sawasawa kila mahali, haina kivuli, jicho linakataa. Basi ile leya ya kazi iwekeni Maltiplai, modi ya kuchanganya inayotia weusi, juu ya nguo nyeupe, vivuli vya nguo vitapita ndani ya rangi. Kama rangi zinafifia sana, ichukueni ile nguo ya kijivu muiweke juu ya kazi, nayo Maltiplai, mpunguze mpaka macho yaridhike. Hapa tena mnaangalia kanga ya kweli, mmeitundika mbele yenu, sio kanga ya kichwani.

Sasa nataka kusema na mama zetu wafanyabiashara, na hili naomba mniruhusu niseme kwa ukali kidogo. Picha hizi zinaaminika. Ndio uzuri wake na ndio hatari yake. Dada mmoja wa Wete aliweka oda ya doti za harusi, kaona picha, mtu kavaa, kanga imejikunja, jina linasomeka, akajua mzigo upo dukani unasubiri. Kalipa. Kumbe kanga ile haijachapwa popote, ilikuwa ni picha tu, na ilipokuja kuchapwa rangi ya pindo ikawa nyengine na harusi imeshapita. Nani mwenye makosa? Yule alieona picha akaamini? Yeye alitumia macho yake, na macho yake yaliona kanga ilovaliwa!

Kwa hiyo nakuombeni, picha ya kitu ambacho hakijachapwa iandikeni MFANO, kwa herufi za kuonekana, juu ya picha yenyewe sio chini kwenye maelezo, kwa sababu picha inatumwa group hadi group na maelezo yanabaki nyuma. Na nyie vijana msikubali mteja akuombeni muitoe ile alama. Mnajua kupinda kitambaa ambacho hakipo mpaka bi mkubwa wa Darajani asadiki. Basi asadiki huku anajua anachokitizama.

Haya, maswali. Dada wa Mkoani pale nyuma aliniandikia karatasi tangu mwanzo, anashona mabuibui, anataka kuwaonesha wateja urembo wa mikononi kabla hajautarizi, na buibui ni jeusi, hakuna mkunjo unaoonekana, afanye nini?

Swali zuri sana. Mikunjo ipo dada yangu, imejificha chini kule baina ya 0 na 40 hivi. Piga picha buibui karibu na dirisha kwa ubavu, na uongeze mwanga kwenye simu mpaka jeusi lianze kuonekana kijivu kizito. Khalafu kwenye ramani fungua Levo, kile kishale cha weupe kivute kushoto mpaka kifike pale vilima vya mchoro wa mwanga vinapoishia, utaiona mikunjo yote inachomoza. Sehemu ilotulia ipeleke 128 kama tulivyosema. Maltiplai usiitumie kwa leya ya urembo wenyewe, juu ya jeusi utapotea wote. Uache urembo kawaida, juu yake weka nakala ya buibui kwa modi ya Skrini, ile inaongeza mng'aro wa mikunjo tu na jeusi lake haliongezi kitu, na ile ramani ulioinyanyua iweke juu ya urembo kwa Maltiplai, iwe hafifu, ndio ikupe vivuli. Iwekee mpaka isivuke urembo. Kwenye ukingo wa mkono wa buibui mikunjo ni midogo na imesongamana, kwa hiyo blaa iwe ndogo kuliko ya kanga na skeli ndogo pia, anza na mbili au tatu, uongeze kidogo kidogo huku unautizama uzi wa mwisho wa urembo pale unapopita kwenye kona ya mkono, hapo ndio patakwambia. Njoo na laptopu yako mbele tuifungue hiyo picha.